UCHAMBUZI: Nambari ya injini inavyowakwaza Wakenya wanaohamisha magari ng'ambo

ENEO la Chepkoilel, kilomita zipatazo tisa kutoka katikati ya Eldoret ukielekea Ziwa, limezoeana na injini kwa miaka mingi. Mnamo 1946 walowezi waliokuwa wakilima katika nyanda za Uasin Gishu walianzisha hapo kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka wa 1984 kikageuzwa kuwa chuo cha walimu, mwaka wa 1990 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi kuwa bewa lake, na tangu 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Eldoret. Matrekta na Land Rover za walowezi zimewapisha Toyota Probox, matatu za wanafunzi na pikipiki za bodaboda. Lakini ukiwauliza wenye magari hayo nambari za injini zao, ni wachache watakaokujibu bila kwanza kwenda kutafuta cheti cha umiliki, kile ambacho wengi wetu bado tunakiita logibuku. Na hata wakikipata, watakachosoma ni maandishi ya karatasi tu.

Swali hilo huonekana la mzaha hadi siku mwenye gari anapopata kazi Kampala au Dar es Salaam na kuamua kuhama na gari lake. Tuchukue mfano wa mhadhiri anayeondoka Chepkoilel kwenda kufundisha Uganda kwa miaka kadhaa. Gari alilinunua kwa jirani, naye jirani alilinunua kwa mtu wa Kitale. Mhadhiri anafuata utaratibu: anaomba usajili wa Kenya ufutwe, anarudisha vibao vya nambari pamoja na logibuku, anapata idhini ya kulitoa gari nchini. Anapita Turbo, Webuye na Bungoma hadi Malaba, safari ya kilomita 130 hivi. Upande wa pili, kabla gari halijasajiliwa upya, mkaguzi anafungua boneti, anamulika tochi na kusoma nambari iliyopigwa kwenye chuma. Anatazama karatasi. Nambari hizo mbili hazifanani.

Kuanzia dakika hiyo gari linageuka kielelezo cha uchunguzi. Usajili wa Kenya umekwisha kufutwa na wa Uganda haujatolewa. Mwenyewe hawezi hata kuliendesha arudi nalo Eldoret, kwa kuwa halina vibao halali. Mkopo wa chama cha ushirika alioununulia gari hilo huenda bado anaulipa.

Kosa lenyewe, mara nyingi, halikutendeka mpakani. Lilitendeka humu nchini, miaka mingi kabla, na hakuna aliyeliona kwa sababu utaratibu wetu wa kusajili magari huamini karatasi na kukisahau chuma.

Ili kuelewa jinsi kosa hilo linavyoingia, sharti tuanzie Japani, ambako hutoka sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingizwa Kenya. Kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) inayojulikana kama KS 1515:2000 hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, nao usukani lazima uwe upande wa kulia. Gari likishanunuliwa huko, serikali ya Japani hutoa cheti cha kulifutia usajili ili lisafirishwe nje. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Cheti hicho hutaja nambari ya chasisi kikamilifu, lakini kuhusu injini hutaja aina tu, kwa mfano 1NZ au 5A. Tarakimu zinazoitofautisha injini moja na nyingine za aina hiyo hiyo hazimo. Wajapani hawana haja nazo. Kwao gari hutambuliwa kwa chasisi.

Logibuku ya Kenya, kinyume chake, ina nafasi ya nambari ya injini, na nafasi hiyo haiachwi wazi. Ni nani basi anayeijaza? Ni yeyote aliyelifikia gari lenyewe na kuinama chini ya boneti, awe mkaguzi au wakala anayeharakisha kulitoa gari katika bandari ya Mombasa kabla gharama za hifadhi hazijapanda. Kazi hiyo hufanywa katika yadi zilizosongamana, juani, huku nambari imejificha nyuma ya mabomba na nyaya. Aliyechoka husoma 8 mahali pa B, 5 mahali pa S, au 0 mahali pa D. Akishaandika, alichoandika ndicho kitakachofuatana na gari hilo hadi siku ya kufa kwake.

Waliobuni nambari ya kimataifa ya utambulisho wa magari, ile yenye herufi na tarakimu 17, walilijua tatizo hili. Kipimo cha ISO 3779, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1977, hakiruhusu herufi I, O na Q kwa kuwa macho huzichanganya na 1 na 0. Nambari za injini hazina kinga hiyo. Kila kampuni hupiga yake kwa mtindo wake, kwa urefu wake, mahali inapopenda. Ikumbukwe pia kwamba magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani kwa kawaida hayana hata ile nambari ya 17. Huwa na nambari fupi ya fremu inayoanza kwa msimbo wa modeli, kama vile NZE121, kisha kistari na tarakimu zake. Mtu akiingiza nambari hiyo kwenye programu za mtandaoni za kusoma nambari za magari asishangae akiambiwa haipo.

Hicho ni chanzo kimoja. Cha pili ni gereji, na huenda ndicho kikubwa zaidi.

Injini ikishakula mafuta na kutoa moshi, mwenye gari hukabiliwa na mambo mawili: aifungue na kuifanyia ukarabati kamili, au anunue injini ya mtumba. Mara nyingi ya mtumba huwa nafuu na hufungwa upesi. Injini hizo huletwa kutoka Japani na Dubai, na yeyote aliyewahi kutembea Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi amezipita zimepangwa kando ya njia. Katika mashamba ya Bonde la Ufa, Land Rover kuukuu iliyofungwa injini ya dizeli ya Isuzu si kioja, na pikapu za Peugeot 504 zimewahi kuishi maisha mawili au matatu kwa injini za watu wengine.

Sheria haikatazi kubadilisha injini. Inachotaka ni kwamba mabadiliko yaripotiwe: mwenye gari apeleke stakabadhi zinazoonyesha injini mpya ilikotoka, gari likaguliwe, kisha Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ibadilishe rekodi. Hali halisi ni tofauti. Makanika wa jua kali anamaliza kazi Jumamosi jioni, mteja analipa, Jumapili gari liko kanisani. Risiti, ikiwepo, imeandikwa kwa mkono: injini moja ya Toyota, na bei yake. Nambari haimo. Hakuna wizi uliotendeka hapo. Kuna uvivu, na kuna hofu ya kupoteza siku kadhaa ofisini kwa jambo ambalo halionekani kumdhuru mtu.

Kisha gari linauzwa. Uhamisho wa umiliki siku hizi hufanyika mtandaoni kupitia eCitizen. Muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali, ada inalipwa. Kwa gari la kawaida la kibinafsi hakuna hatua inayomlazimu mtu yeyote kufungua boneti. Magari ya uchukuzi wa umma na yale ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, lakini ya kibinafsi yameachwa kwa muda mrefu yazeeke kimya kimya. Rekodi zenyewe zimehamahama: kutoka kwa Msajili wa Magari aliyekuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru (KRA), hadi NTSA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, kisha kutoka mfumo wa TIMS hadi eCitizen mwaka wa 2023. Kila zilipohama, makosa yaliyokuwemo yalihama nazo.

Basi nambari hiyo hupatikanaje? Kwa kuwa wengi huanza kuitafuta wakati tayari wana haraka, inafaa tulieleze jambo hili kwa utulivu.

Kwanza injini iwe imepoa na gari liwe mahali tambarare. Nambari hupigwa kwenye bloku yenyewe, yaani lile chuma kubwa lenye silinda. Haipigwi kwenye kifuniko cha juu wala kwenye sehemu inayoweza kufunguliwa na kutupwa. Kwa kawaida hutengwa sehemu ndogo iliyolainishwa, bapa, yenye upana wa vidole viwili hivi. Katika magari madogo ambayo injini imelala kukingama, anza kutafuta pale bloku inapokutana na giaboksi. Wakati mwingine itabidi kuondoa kasha la kichujio cha hewa, na wakati mwingine huonekana tu ukiingia chini ya gari. Katika pikapu na magari ya shambani ambayo injini imelala kwa urefu, chunguza ubavu wa bloku chini ya bomba la moshi au upande wa pili wake. Subaru huwa nayo juu, karibu na giaboksi. Kwa pikipiki ni rahisi: tazama sehemu ya chini ya injini, upande wa nje.

Usidanganywe na maandishi mengine. Bloku huwa na tarakimu zilizovimba, zilizotokea kiwandani chuma kilipomiminwa kwenye kalibu. Hizo ni za kalibu, na maelfu ya injini huzishiriki. Nambari unayoitafuta imezama ndani ya chuma, imepigwa kwa nguvu. Vivyo hivyo kile kibati kilichobandikwa kwenye ukuta kati ya injini na abiria: hutaja modeli, aina ya injini na ukubwa wake, pengine na chasisi, lakini si nambari ya injini. Wengi wameinakili aina ya injini wakidhani wamemaliza kazi.

Ukishapaona, safisha kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa na brashi laini. Mulika tochi kwa pembeni ili tarakimu zitupe kivuli. Chaki ikipakwa juu na kufutwa kidogo hubaki ndani ya mashimo, na herufi hujitokeza nyeupe. Mahali ambapo kichwa hakipenyi, simu hupenya. Piga picha kadhaa. Mtu mwingine asome kutoka kwenye picha bila kuonyeshwa logibuku, kwa sababu jicho lililokwisha kusoma karatasi huona kile karatasi ilichosema.

Jambo ambalo mtu hapaswi kufanya kamwe ni kutumia msasa, tindo au mashine ya kusaga ili nambari "ionekane vizuri". Mkaguzi akikuta mikwaruzo mahali hapo hatauliza nia yako. Chuma kinapopigwa muhuri, sehemu iliyo chini ya herufi hubanwa na kubadilika kwa ndani. Ndiyo maana wataalamu wa uchunguzi hupaka tindikali juu ya nambari iliyofutwa na ile ya asili ikafufuka. Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ina maabara ya kitaifa ya aina hiyo iliyofunguliwa mwaka wa 2022. Anayefuta nambari hajifichi kama anavyodhani, naye asiye na hatia aliyeikwaruza hujiweka kundi moja na mwizi.

Si haki kuwalaumu wakaguzi wa mpakani kwa ukali wao. Nairobi ya miaka ya 1990 iliishi na hofu ya kunyang'anywa magari kwa bunduki, na magari mengi yaliyoibwa yalivuka mipaka au yalichinjwa kuwa spea. Biashara hiyo imekuwa ya kimataifa. Mnamo 2019 KRA, ikishirikiana na maafisa wa Uingereza, ilinasa katika bandari ya Mombasa magari ya kifahari yaliyokuwa yameibwa huko na kufichwa ndani ya kontena. Uganda nayo imewahi kupokea magari ya aina hiyo. Polisi wa kimataifa, Interpol, wana hifadhi ya kumbukumbu za magari yaliyoibwa ambayo nchi wanachama huitumia kila siku. Mkaguzi anayesimama Malaba akiwa na karatasi inayosema hivi na chuma kinachosema vile hana njia ya kujua kama aliye mbele yake ni mhalifu au ni mwalimu aliyeuziwa gari na mtu mzembe. Kwa macho, mambo hayo mawili hufanana kabisa.

Hata hivyo kuna swali la haki ambalo serikali za kanda hazijalijibu. Injini ni sehemu inayochakaa na kubadilishwa, kama vile giaboksi. Chasisi ndiyo mwili wa gari. Kuifanya nambari ya injini iwe na uzito sawa na ya chasisi ni kumtambua mtu kwa viatu alivyovaa. Nchini Marekani cheti cha umiliki humtambulisha mwenye gari kwa nambari ya chasisi, na gari haligeuki haramu kwa kuwekwa injini nyingine. Uingereza huiandika nambari ya injini kwenye cheti chake, ila mwenye gari hutarajiwa kuirekebisha injini inapobadilika. Sisi tumeiandika, tukaacha kuifuatilia, kisha tukaikumbuka siku ya safari.

Wapo watakaosema kwamba tukiilegeza nambari ya injini, wezi watapata soko huru la injini. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu mwandishi huyu hapendekezi ifutwe. Kinachohitajika ni isomwe mapema na mara kwa mara. Mfumo unaomtaka mnunuzi athibitishe uhamisho kwa simu unaweza pia kumtaka apakie picha mbili, moja ya chasisi na nyingine ya injini zikiwa kwenye chuma. Anayeuza injini ya mtumba anaweza kulazimishwa aandike nambari yake kwenye risiti, jambo lisilomgharimu chochote zaidi ya wino. Na kwa wale wanaoendesha magari yenye makosa ya miaka kumi iliyopita, pawepo kipindi cha kusahihisha rekodi bila kuchukuliwa kama washukiwa, mradi chasisi iwe safi na gari lisiwe limeripotiwa kuibwa. Bila hivyo, ni nani atakayejipeleka ofisini kujishtaki?

Kadiri magari ya umeme yanavyoongezeka, mjadala huu utabadilika wenyewe. Mabasi ya umeme ya BasiGo yamekuwa yakiunganishwa Thika, na hayo hayana injini ya kupigwa muhuri kwa maana tuliyoizoea. Lakini Probox za Chepkoilel zitakuwa nasi kwa muda mrefu bado.

Kwa sasa mzigo umebaki mabegani mwa mwenye gari, na jambo la kwanza ni aamue kama kweli anahitaji kulisajili upya. Anayevuka kwa ziara ya siku chache anaweza kutumia kibali cha muda cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA bila kuuacha usajili wa Kenya. Anayehamia Uganda akumbuke kwamba sheria ya nchi hiyo iliyorekebishwa mwaka wa 2018 hairuhusu kuingizwa kwa gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, na kwamba usajili wa magari uliokuwa chini ya mamlaka ya ushuru ulihamishiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mwaka wa 2021. Tanzania, ambako usajili uko mikononi mwa mamlaka ya mapato, hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hivyo gari la Kenya lina usukani upande usiofaa huko hata nambari zake zote zikiwa sawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na umoja wa forodha tangu 2005, lakini logibuku moja ya kanda bado haijazaliwa.

Ikiwa baada ya hayo yote uamuzi bado ni kuhama na gari, basi boneti ifunguliwe wakati gari lingali na vibao vya Kenya. Nambari ikitofautiana na karatasi, itafutwe risiti ya injini, gari lipelekwe kukaguliwa Eldoret, na rekodi irekebishwe ndipo ombi la kufuta usajili lipelekwe. Tofauti ikiwa ni ya herufi moja iliyosomwa vibaya bandarini, picha zilizopigwa vizuri husaidia sana kueleza. Yote hayo hufanyika upande huu wa mpaka, kwa sababu afisa wa Uganda, hata akikuonea huruma kiasi gani, hana kalamu ya kuandika katika rekodi za Kenya.